Waziri wa kwenye sizoni alinyamaza, sisi tukampigia vigelegele: yaliyotukuta wasusi wa Kariakoo

Wakuu, kwema humu?

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo naanza leo. Mkiona nimepanga vibaya mnivumilie. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na matokeo hayakuwa ya kumwonesha mgeni 😀

Ila haya ninayoyaleta nimeyaona kwa macho yangu na chumvi sijaongeza. Kama kuna mtu wa Kariakoo humu ataijua sauti yangu, basi anyamaze tu, tutaonana barazani.

Kuna sauti ambayo mpaka leo nikifumba macho naisikia. Kikohozi.

Rais wa nchi ya watu yuko kwenye TV, kavaa suti nyeusi, anawaaga wananchi wake. Machozi yanamtoka, midomo kaifumba kabisa. Ghafla tukasikia, "Koh! Koh! Kohoo!" Kikafuata kimya, mtu anameza maji, gudugudu. Halafu Rais akaendelea kuhutubia kwa Kiswahili cha Temeke.

Mama Zuhura akaacha kusuka, akaitazama TV kwa huruma, akasema, "Pole, Mheshimiwa."

Tulicheka mpaka mteja wangu akalalamika namvuta nywele.

Niwaeleze vizuri. Mimi ni msusi. Tunakaa kwenye baraza la jengo moja la ghorofa, wanawake watupu. Mama Zuhura ndiye mkubwa wetu, kasuka pale tangu mimi sijui hata kushika chanuo. Nyuma yetu kuna duka la vifaa vya simu la kaka mmoja anaitwa Mudi. TV yake kaigeuzia kwenye kioo ili avute wateja, na spika kaitoa nje. Kwa hiyo kutwa nzima mikono inasuka, macho yako kwenye sizoni, zile tamthilia za nje zilizotafsiriwa.

Kwa wasiojua (sijui mnaishi Bongo ipi), sizoni ya nje inachukuliwa, DJ anaweka sauti yake juu. Yeye ndiye baba, yeye mama, yeye jambazi na mbwa wa jambazi. Anatafsiri na kuchangia hoja. Akikohoa yeye, kakohoa Rais. Mtu akifa anampa pole. Wakipita kwenye barabara nzuri anakwambia, "Hapa wako maeneo ya Upanga."

Sasa hii sizoni ilikuwa ya siasa. Sisi kwa kawaida ni watu wa mapenzi na wachawi, siasa hapana. Lakini hii ilitukamata. Kwenye nchi hiyo kuna soko kongwe katikati ya mji, wakubwa wanataka kulivunja wajenge mahoteli. Kuna mama anauza maua pale, anamlea mjukuu. Na kuna waziri mmoja mwenye kichwa kinachong'aa, DJ akambatiza Kipara.

Wakuu, Kipara tulimpenda!

Kwenye vikao wenzake wanagombana, yeye kakaa pembeni na kikombe chake cha chai. Halafu unamsikia, "Ndugu zangu, hawa mnaotaka kuwafukuza ndio waliotupa kura. Mkiwavunjia leo, kesho mtamwomba nani?"

Baraza zima tunaitikia, "Eeeeh! Waambie, baba!"

Kuna mwenzetu mmoja, Semeni, mtu wa Mtwara, alisema akipata mwanaume kama Kipara hata mahari asilete, yeye mwenyewe atampelekea.

Na mimi nilikuwa nawaza kwa dhati kabisa: tungekuwa na kina Kipara wachache tu huku kwetu, mbona tungelala usingizi. Maana kipindi hicho hicho simu zetu zilijaa habari. Mara wafanyabiashara wadogo wanapangwa upya, mara bungeni wamebishana, mara kiongozi fulani katoa tamko. Tunasambaziana, tunaweka alama ya moto, tunarudi kwa Kipara.

Niseme kitu kidogo hapa. Baraza letu lilikuwa linawajua mawaziri wa ile nchi mmoja mmoja, na wake zao. Lakini ungetuuliza kikao cha wafanyabiashara wa jengo letu wenyewe kinakaa lini, hakuna aliyekuwa anajua. Hata mimi. Tuendelee.

Siku moja akaja mteja, binti anaitwa Nasra, anataka rasta ndogondogo. Kazi ya kutwa. Nikiwa katikati ya kichwa, Kipara akaanza kushusha nondo zake. Nasra akageuka akaniangalia.

"Dada, mbona hapo hajasema kitu?"

"Hajasema vipi na tunamsikia?"

"Mimi hii nimeiangalia yenyewe, ile ya maandishi chini. Hapo anakaa kimya mwanzo mwisho. Huyo anayeongea ni DJ."

Baraza likawaka moto.

"We mtoto," Mama Zuhura akamwambia, "kama hajasema, basi amewaza! DJ kausikia moyo wake."

"Kausikilizia wapi, mama?"

"Si unauona uso wa yule baba? Ule ni uso wa mtu wa kunyamaza?"

Semeni akadakia, "Jamani msinivunjie ndoa yangu."

Tukacheka, yakaisha. Ila Nasra kabla hajaondoka akanitumia kile kipande kwenye simu. Nikakiangalia nyumbani Magomeni kwa shangazi yangu ninakoishi, nasubiri maharage yaive.

Hakuna DJ. Kuna kelele za kikao tu na maandishi chini. Kipara yuko pale pale pembeni. Mkubwa wa kikao anauliza kama kuna mwenye neno. Kamera inamsogelea Kipara, mdomo unatikisika kidogo. Halafu anachukua kijiko, anakoroga chai.

Basi. Soko likapitishwa livunjwe. Yule mama wa maua amebaki nje anangojea majibu, na hajui kwamba mle ndani hakuna aliyemtaja.

Nililia, wakuu. Shangazi akaingia jikoni mbio.

"Nani kafa?"

"Hakuna. Waziri kanyamaza."

"Waziri gani?"

"Wa kwenye sizoni."

Akafunua sufuria, akaongeza maji, akaniambia, "Maharage yanaungua, unalilia mawaziri."

Sasa wiki ile ile ndiyo ikatokea kilichonifanya nifungue uzi huu.

Jengo letu lina mwenyekiti wa wafanyabiashara. Nisimchafue, ni mtu mzuri. Ukifiwa yupo, mwanao akiumwa anakuja kukuona. Sote tunamwita Mwenyekiti kama vile ndilo jina alilopewa na mama yake. Akaja barazani anatabasamu.

"Wanangu, natoka kuongea na uongozi wa jengo. Baraza linapangwa upya. Msiwe na wasiwasi, nimewasemea. Nimewaambia wasusi ni watu waelewa, wamekubali kuhamia ghorofa ya tatu kule nyuma, mwisho wa mwezi."

Tukampigia vigelegele.

Wallahi nawaambia. Na mimi nilipiga. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akikwambia nimekusemea, unaanza kushukuru, maana ya maneno yake unaitafuta baadaye. Aliyegutuka wa kwanza ni Semeni, akauliza kwa sauti ya chini, "Ghorofa ya tatu nyuma si ni kule vyooni?"

Kwa msiojua kazi yetu: mteja wa barazani hapangi kuja. Ametoka kwao kununua sufuria. Anapita, anaona mkono wako unavyokimbia, anasimama, anauliza bei, anakaa. Kule juu nani atauona mkono wako? Kwenda ghorofa ya tatu ni kuacha kazi kwa heshima.

Mwenyekiti alikuwa ameshapiga hatua. Nikamkimbilia.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba binti yangu."

"Samahani baba. Sisi tulikubali lini?"

Akacheka, hakukasirika hata kidogo. "Mwanangu, mambo ya vikao ni mazito. We suka, sisi wazee tutawasemea."

Nikabaki nimesimama pale. Nikajiona mimi na wenzangu tuko kwenye kioo cha Mudi, midomo tumeifumba, na sauti inatoka.

Nikarudi nikawaambia wenzangu kwamba kikao kijacho twende wenyewe. Mama Zuhura akanitolea macho.

"Muvi zimekuingia kichwani, wewe. Unataka kumwaibisha mtu mzima aliyetubebea misiba?"

"Simwaibishi, mama. Nataka nikahame kwa mdomo wangu, kama ni kuhama."

"Ukifukuzwa?"

"Si tunafukuzwa tayari? Tena kwa vigelegele."

Hilo lilimkaa, nilimwona. Lakini akaendelea kusuka.

Kuanzia hapo niliwashika mmoja mmoja. Mwingine namshikia kichwa cha mteja wake aende kuswali, ninamwambia. Mwingine ananisaidia kumalizia mteja, ninamwambia. Wengi walisema, "Nenda wewe, utatusemea." Nikawa nakataa. Nawaambia nikiwasemea na mimi, tumebadilisha DJ tu. Njooni mkae, hata msiposema, mwonekane mko wazima.

Siku ya kikao niliiulizia kwa Mudi; kilikuwa kwenye ukumbi mdogo juu ya jengo. Wakaja karibu wote, na mikono bado inanuka mafuta ya nywele. Mama Zuhura alikuja wa mwisho, akakaa mlangoni kama mtu aliyepita njia.

Meneja wa jengo akasema wasusi wameshakubali kuhama, kwa hiyo hilo limepita, twende ajenda nyingine. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri sana, yote yakapotea.

Nikasema, "Sisi hatuku... hatukuulizwa. Sisi wateja wetu... yaani..."

Mwenyekiti akasimama kunisaidia. "Anachotaka kusema binti yangu hapa ni kwamba wanashukuru, ila wanaomba muda kidogo wa..."

"Mwenyekiti, baba, nisamehe. Naomba nimalize."

Ukumbi ukaguna. Kuna mwanaume akasema, "Heshima hakuna siku hizi!" Machozi yakaanza kunilenga. Hapo ndipo nikasikia sauti kutoka mlangoni.

"Mwacheni amalize! Hata akikosea, kosa ni lake!"

Mama Zuhura huyo. Kajifunga kanga kiunoni kabisa.

Nikamalizia. Sikusema cha ajabu. Nilisema mteja wetu ni mpita njia, na ghorofa ya tatu hakuna njia. Nikasema kama kuna ubaya tunaoufanya pale chini tuambiwe sisi, tuna masikio. Nikakaa.

Meneja akamwangalia Mwenyekiti. "Si ulisema wamekubali?"

Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena. "Niliona... niliona ingekuwa heri kwao. Juani pale wanateseka."

Na nilimwamini. Mpaka leo namwamini. Alituhurumia kweli. Shida ni kwamba alituhurumia bila sisi kuwepo.

Meneja naye akatoa la kwake, na alikuwa na haki: tumeziba njia, watu wa mizigo hawapiti, wanagonga wateja wetu na wao wanatukanwa. Tukabishana, Semeni akasema, Mama Zuhura akasema mara mbili. Mwisho tukakubaliana, safari hii kwa mikono juu: baraza linabaki, ila waliojitokeza sana barabarani wasogee upande wa uchochoro.

Meneja akauliza nani atatoka. Kiti changu mimi ndicho kilichokuwa kimejitokeza kuliko vyote, kila mtu anajua. Nikanyoosha mkono. Wawili wakanifuata.

Iliniuma, sitawadanganya. Lakini iliniuma kama kitu changu.

Sasa mawazo yangu, wakuu. Simlaumu DJ. Bila yeye sisi tusingeielewa ile sizoni, na mpaka kesho tutaiangalia kwake. Ila nimeelewa kwamba mtu anayekusemea kwa ubaya unamgundua haraka. Anayekusemea kwa mapenzi ndiye mgumu, maana unampigia vigelegele. Na Kipara tuliyekuwa tunamtamani aje atuokoe, hata kule kwao hakuwepo.

Siku hizi kwenye taarifa ya habari wakionesha watu wamekusanyika halafu msemaji anasema "wananchi wamelipokea vizuri", mimi naangalia midomo ya wale watu. Mara nyingi imefumbwa. Sisemi wanaonewa, sijui. Nasema tu kwamba naangalia.

Nina ndoto ya saluni yangu yenye kioo na feni, na nitaifikia. Lakini kabla yake nataka nijue kila kikao kinachonihusu kinakaa lini na nani yumo. Mtaani kwetu Magomeni nimeshaanza kuulizia. Shangazi anasema nimepata ugonjwa.

Wenzangu, huko mliko nani anawasemea, na mlishawahi kumwambia naomba nimalize? Leteni uzoefu wenu, nasoma zote. Na wale wa "muvi zimekuingia kichwani" karibuni pia, nimeshawazoea.

Leo asubuhi nimewahi kufika, Mudi hajafungua, barazani hakuna mtu. Nikafagia ule uchochoro, nikaumwagia maji vumbi litulie. Nikatoa chaki, nikaenda kwenye nguzo ya kona inayotazama barabara, nikaandika kwa herufi kubwa, na mwandiko wangu huu mbaya: WASUSI TUPO HUKU. Nikachora mshale.

Nikarudi uchochoroni, nikakaa kwenye kiti changu.