Siku Mama Alipokataa Cherehani Mpya

Sisi tuliokulia Kilosa miaka ile baada ya Uhuru, vijiji vya Ujamaa vilipokuwa bado vinanukia udongo mbichi wa kuta mpya, tulizoea kuambiwa kwamba kuna kitu kipya kinakuja. Mara jembe la kukokotwa na ng'ombe, mara mbegu, mara choo cha mfano. Watoto tulishangilia kila kitu. Wazazi wetu walipiga makofi mkutanoni, kisha njiani wakirudi nyumbani wakaulizana kwa sauti ya chini: hivi hiki cha zamani kimekosa nini?

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na cherehani yake ilikuwa ya mkono, ile unayozungusha mpini kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiongoza kitambaa. Baba yake ndiye aliyemnunulia, mzee aliyekata mkonge nusu ya maisha yake. Tulipohamia kijijini, upande wa Mvumi, vyombo vingine vilirundikwa nyuma ya lori, lakini cherehani Mama aliipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Chini ya meza yake ndiko utoto wangu ulikokuwa. Vipande vya kaniki na khanga vilivyoanguka tulivikusanya tukatengeneza mpira wa kuchezea rede, mgumu kiasi kwamba ukikupata mgongoni unaukumbuka mpaka kesho. Kila msichana wa kijiji alitaka kuwa rafiki yangu kwa sababu ya vipande hivyo. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka tukiwa na mihogo ya kuchemsha mfukoni, jioni tulikula ugali na mlenda kwenye sinia moja, na aliyechelewa alikuta wenzake wanalamba vidole. Watoto wa leo ukiwaambia hayo wanakuuliza kama hatukuwa na hata mmoja aliyechukia mlenda.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Pili, naye fundi, mjane. Cherehani yake ilifanana na ya Mama kama mapacha. Marehemu mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, ndiye aliyemnunulia, na kila Ijumaa Mama Pili aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta kabla hajaanza kazi.

Basi siku moja akaja kijana kutoka ushirika. Jina lake hatukulishika, wote tulimwita Bwana Ushirika. Alivaa suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, na alikuwa na adabu. Alimwamkia Mama shikamoo kabla hajaketi, Mama akaitikia marahaba mwanangu. Kisha akaeleza habari yake. Ushirika umepata cherehani za miguu. Kila fundi atakabidhi ya zamani na kupewa mpya, moja kwa moja, bila kulipa chochote. Za zamani zitapelekwa zinakopaswa kupelekwa. Na akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba duka la ushirika halitaleta tena sindano wala vipuri vya cherehani za mkono.

Mama alimuuliza kwa nini hawezi kubaki na zote mbili kwa msimu mmoja, aijaribu hiyo mpya kwanza. Bwana Ushirika akasema utaratibu hauruhusu.

"Na nikiijutia, hii yangu nitaifuata wapi?" Mama akauliza.

"Hutaijutia, mama. Hakuna aliyejutia."

Usoni mwa Mama niliona kwamba jibu hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Mtu anayekuambia hakuna aliyejutia, aliniambia baadaye tukichambua mboga, ama hajauliza, ama hataki ujue.

Mafundi wote walibadilisha isipokuwa yeye. Mama Pili naye alibadilisha. Siku cherehani mpya ziliposhushwa, watoto tulijaa barazani kwake. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zina maua ya dhahabu ubavuni, na ukikanyaga chini gurudumu linaimba. Mama aliomba ruhusa ya kukaa na moja. Akashona mchana mzima kwenye cherehani ya Mama Pili, gauni, shati, hata akatia viraka magunia. Nilidhani amekunjuka moyo. Aliporudi nyumbani Baba akamuuliza ameionaje, akasema ni nzuri kuliko yake, inakwenda haraka, na mikono yote miwili inakuwa huru.

"Sasa unangoja nini?" Baba akauliza.

"Ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu," Mama akasema. "Nimewauliza wote, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona wa pili, wa akiba."

Baba hakuwa mtu wa kugombana, lakini siku hiyo alisema maneno mazito. Alisema watu wameanza kumwita mke wake mpinga maendeleo, na kwamba shaka haipikwi ikaliwa. Alikuwa na sababu. Shule yetu ilikuwa imepata kaki ya sare za watoto wote, na uongozi ulipitisha kwamba kaki itagawiwa kwa mafundi wenye cherehani mpya tu. Mama hakupewa hata kipande. Msimu ule aliyenunua chumvi na mafuta ya taa nyumbani kwetu ni Baba peke yake, kwa kuuza mahindi tuliyopaswa kula. Mimi nilivaa sare iliyoshonwa na Mama Pili. Mama aliigeuza ndani nje, akakagua mishono yote, akanirudishia. Ilikuwa imeshonwa vizuri sana.

Mikanda haikukatika. Nasema hili kwa sababu wenzangu wa umri wangu wanapenda hadithi ambazo mzazi aliyekataa hushinda mwishoni. Cherehani zile za miguu zilifanya kazi miaka mingi. Iliyokufa kwanza ilikuwa ya Mama. Kile chuma kidogo kinachobeba uzi wa chini kilipasuka, na duka la ushirika, kama tulivyoahidiwa, halikuwa nacho. Mama akamwendea Bwana Ushirika, sasa akitaka kubadilisha. Akaambiwa mpya zimekwisha.

Aliirudisha cherehani ndani, akaifunika kwa khanga. Alichukua jembe akaenda shamba kama wanawake wengine, na barazani pakawa kimya. Sikuwahi kumwona Mama akilia, lakini kipindi kile hakuimba.

Mama Pili ndiye aliyesafiri. Alikuwa na dada yake Mikumi aliyejifungua, akaenda kumwona. Huko, katika kutembea, akapita kwenye ghala ambalo ushirika ulilitumia, na nje yake, chini ya paa lililotoboka, akaona rundo la cherehani za mkono. Mvua ilikuwa imezinyeshea. Alisimulia kwamba alizipekua moja moja mpaka akaipata ya kwake, akaijua kwa alama ya msumari ambayo mumewe aliichora kwenye mbao. Mpini ulikuwa umeliwa na kutu. Alimwomba mlinzi aondoke nayo, mlinzi akakataa, mali ya ushirika. Akamwomba basi achukue kipande kidogo tu cha ndani. Mlinzi akageuka akaangalia upande mwingine.

Alipofika kijijini hakupitia kwake. Alikuja moja kwa moja kwetu na mzigo wake kichwani, akafungua pindo la khanga, akaweka mezani kile chuma.

"Jaribu," akamwambia Mama. "Zilikuwa mapacha."

Mama alikisugua kwa mchanga na mafuta, akakipachika, akazungusha mpini. Uzi wa chini ukapanda. Mama Pili akaomba akae yeye. Akashona pindo la khanga yake, polepole, mshono ambao hakuuhitaji, na machozi yakimdondoka juu ya kitambaa. Mama alisimama nyuma yake amemshika mabega. Toka siku ile walishona pamoja. Kazi ya haraka ilikwenda kwa Mama Pili na kaki yake, nguo za harusi na za watoto wachanga zilikuja kwetu. Sijui nani kati yao alikuwa sahihi. Nimezeeka sasa na bado sijui.

Najua tu kwamba wote wawili waliulizwa. Kijana alikuja kwa miguu yake, akaamkia, akaketi, akaangaliwa machoni. Mmoja alisema ndiyo, mmoja alisema hapana, na kila mmoja angeweza kukuambia siku aliyoamua na alikuwa amevaa nguo gani.

Siku hizi nina kompyuta ambayo naandikia mambo kama haya. Haina kosa lolote. Karibuni imeanza kuniambia kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, kwamba upo mpya, wa bure, na kwamba huu wa zamani hautahudumiwa tena. Nilisoma mara ya pili nikahisi kama naisikia suruali ya bugaluu ikipangusa mlango. Nikamuuliza binti yangu yeye aliamuaje kubadilisha ya kwake. Akafikiri kidogo, akaniambia hajui, siku moja aliiwasha akaikuta imeshabadilika. Nikawauliza vijana wa kwenye duka la simu mjini. Wakacheka, wakasema, "Mama, wewe bonyeza tu kubali." Nikawauliza nikiujutia nitaufuata wapi wa zamani. Mmoja wao, mwenye heshima kidogo, akasema hilo hajawahi kuulizwa.

Sikatai kwamba mfumo mpya ni mzuri. Huenda unakwenda haraka na mikono inakuwa huru. Ningependa tu nyumba ya jirani ambako ningekaa nao mchana mmoja, kisha nirudi kwangu nikafikiri.

Asubuhi hii kompyuta imeniuliza tena. Pana sehemu mbili za kubonyeza. Moja inasema sasa, nyingine inasema baadaye. Nimeitafuta ile ya hapana skrini nzima. Hawakuiweka.