Meno ya Chini ya Kitobo

Tarehe 14 Juni 1975, siku ya Jumamosi, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyanya yangu Ngoie Mwadi alifukuzwa katika nyumba ya mkwewe, huko Naviundu, kwa kosa la kusema kweli. Ninaandika jina lake lote kwa sababu siku ile aliitwa mlozi tu, yaani mchawi.

Aliyemfukuza ni baba mkubwa Kitobo, mume wa dada wa mama yangu. Sote tulikaa kwake. Kila siku tangu alfajiri alibandika tumbaku ya kusaga ndani ya mdomo wa chini, akatema mate meusi mlangoni, na pumzi yake ilitufanya watoto tule tukiwa tumegeuza nyuso. Nyanya alimwonya mkwewe mara moja, kwa upole, kwamba meno yatang’oka:

— Bukwe, ile tumbako itakutosha meno.

Mwaka haukuisha, fizi zake zikaanza kutoa damu. Likang’oka jino moja, la pili, la tatu. Kwetu neno la mzazi haliendi bure: onyo likitimia, watu huliita laana. Basi Jumamosi ile Kitobo akakusanya jamaa uani, meno yale matatu kiganjani.

— Alisema, na inafika! Ule mama iko ananikula jino moja-moja.

— Fungula kinywa, bantu baone, nyanya akajibu. Meno ya yulu iko yote. Bulozi bwangu bunachagua ya chini tu, pale unaweka tumbako?

Mtu mmoja alicheka. Kitobo akaruka:

— Munasikia? Sasa anataka na ya yulu!

Hakucheka mtu tena. Mama mkubwa, mke wa Kitobo na binti wa nyanya wa kumzaa, aliinamisha kichwa. Alasiri nyanya alipandishwa lori la kwenda Lukafu, kijiji cha mbali.

Nyanya akiwa mbali huko, meno ya chini ya Kitobo yaliyosalia yaling’oka yote, na mdomoni kikatokea kidonda kisichopona. Muuguzi wa zahanati aliukunjua mdomo ule, akauliza:

— Tumbako unawekaka hapa?

Kitobo hakutuma mtu Lukafu kuomba msamaha. Nimekuwa karani wa mahakama maisha yangu yote, wala sijaona shtaka jingine ambalo mshtaki wake alitembea na ushahidi dhidi yake kinywani mwake mwenyewe.

Mwana wa Kitobo husimulia matangani kwamba nyanya alikwenda Lukafu kwa hiari, kulima. Si kweli. Jembe la nyanya lilibaki nyuma ya mlango wa Kitobo, mpaka likashika kutu.