Bustani ya Karatasi Pale Kabati

Nyinyi vijana mnaopamba harusi na maua ya plastiki, kaeni niwaambie. Hii hadithi inanifanya nionekane mjinga, najua. Lakini siku hiyo sikuwa mjinga peke yangu, na hilo nitalisema mpaka nizikwe.

Siku yangu ya kwanza kazini Kabati, miaka ya themanini, nilikuwa nimetoka kuuza vitunguu kando ya barabara Kambu. Darasa la saba, mdomo mwingi. Fundi Mkuu, mwenye duka la mapambo, alinipa karatasi ya krepu, ile laini ya mikunjo, halafu akaniangalia vidole.

"Panguza mikono. Krepu haitaki maji. Hata jasho ikiigusa, inamwaga rangi."

"Sasa Fundi, na hili jua la Kitui nisitoe jasho?"

"Toa, lakini si juu ya karatasi yangu."

Nikajifunza. Petali ya waridi unaikata kufuata mikunjo, ndio ukivuta katikati na kidole gumba ifanye tumbo. Shina ni waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, unauzungushia krepu ya kijani.

Halafu akaja Mwende, mwalimu wa nasari aliyekuwa anaolewa mjini Wote. Pati yake ya kuagwa alitaka iwe bustani. Na mwaka huo kiangazi kilikuwa kimekausha hata miiba! Maua utatoa wapi? Fundi akaniachia kazi yote.

"Ukiweza, utapata meza yako hapa dukani. Ukiharibu, vitunguu vya Kambu bado viko."

Nilitengenezea kila msichana aliyealikwa ua lake, jina limeandikwa kwa gundi na glita. Susu yake Mwende, yaani nyanya yake, nikamfanyia ua la mbaazi, la njano, kwa sababu ni mtu wa shamba. Nikamwomba Mwenyekiti wa kamati ya pati, mama wa kanisa mwenye sauti ya kengele, tupambe ndani ya kanisa.

"Nje, uwanjani. Picha zitoke vizuri."

"Na mvua, mama?"

Akacheka akashika mbavu. "Mvua! Wewe umeiona wapi? Si utuonyeshe!"

Sawa. Siku ikafika, bustani imesimama, watu wameshika midomo. Mwende anapanguza machozi. Ndio huyo huyo Mwenyekiti akasimama kuomba. Akashukuru kwa bibi harusi, akashukuru kwa chai, halafu akafinya macho kabisa.

"Na Mungu, tupe mvua. Tupe leo. Tupe sasa!"

"Amina!" wamama wote.

Mimi macho yangu yako wazi, naona wingu nyuma ya kilima. Nikapiga kelele, "Mama Mwenyekiti, wacha kwanza! Omba ya kesho!"

Pati nzima ikanigeukia. Kitui, kiangazi, na mtu anakataza mvua!

"Toeni huyo shetani," mama mmoja akasema. Tone la kwanza likaniangukia kwa pua.

Ikanyesha. Waridi zikalala, nyekundu ikatiririka kwa vitambaa vya meza, ikaingia kwa nguo nyeupe ya Mwende. Na hao watu wanaruka! Vigelegele, sufuria zimetolewa zikinge maji, Mwende viatu mkononi anacheza na madoa yake. Mimi niko juu ya meza nimefunika majina kwa koti, nalia kwa hasira. Mnakataa kanisa kwa sababu hakuna mvua, halafu mnaiomba kwa nguvu zote? Kama unaiomba, si utafute paa kwanza? Nimepamba harusi Kitui na Makueni yote baada ya hapo, mpaka macho yakakataa kuona waya nikaacha kazi, na hakuna mtu amewahi kunijibu hilo swali. Aiyaa!

Jumatatu Fundi alikuwa ananitafutia gunia la kubebea nguo nirudi Kambu. Susu akaingia dukani, matope mpaka magotini, ametoka kupanda. Mkononi ana lile ua la mbaazi, limebaki waya tu. Akaniangalia, akacheka bila meno.

"Kijana, shamba zangu zote zimeuawa na jua. Yako ndiyo ya kwanza naona ikiuawa na mvua." Akamgeukia Fundi. "Huyu mpe meza. Lakini iwe mbali na mlango."