Majani ya Shanzha Kwenye Ndoo ya Shangazi

Kichaka kilikuwa mteremkoni, nyuma ya maghala ya bandari ya Huangpu, huku China, na mwenye eneo alitaka kukifyeka apanue maegesho ya malori. Nilimsihi asubiri. Nilimwambia nadhani ni shanzha wa mwituni, mti wa asili ya huku ambao siku hizi ni shida kuuona. Akakubali kwa sharti moja: mwalimu wangu wa mimea athibitishe.

Kosa likaanzia kwenye furaha yangu. Shangazi yangu, mfanyabiashara wa mapazia kutoka Unguja, alikuja bandarini kuangalia mzigo wake ukipakiwa, nami nikampeleka akione kichaka. Niliporudi kukata tawi la kumpelekea mwalimu, nilikuta matawi matupu. Miiba imebaki, majani hakuna.

Nikapanda metro hadi kwake, mtaa wa Xiaobei.

"Shangazi, umechuma majani ya kile kichaka?"

"Nimechuma. Mkunazi ule, mwanangu! Miba ile, vitunda vile! Nimeutafuta China nzima, kila duka wananiambia meiyou, hakuna, kumbe umeuficha wewe."

Kwetu majani ya mkunazi huoshewa maiti, na mwenye kuhisi amehusudiwa huyaogea. Duka lake lilikuwa limepooza, na mwenyewe alijua sababu. Majani yangu yalikuwa bafuni, ndani ya ndoo, yanaelea kwenye maji ya marashi.

Nilivuta pumzi. Nikaopoa jani moja.

"Tazama, Shangazi. Jani la mkunazi lina mishipa mitatu mikubwa, yote inaanzia kwenye kikonyo. Hili lina mmoja tu, katikati. Na huku juu limegawanyika kama vidole vifupi. Unaona?"

"Naona. Wachina hawaachi kitu kilivyo."

"Haya, vile vitunda viko wapi?"

Vilikuwa jikoni, vinangoja pilipili na chumvi viwe achari.

"Kunazi lina kokwa ngapi?"

"Moja. Mtoto mdogo anajua."

"Tafuna hicho."

Akatafuna. Akatema kokwa kiganjani, akatema nyingine, kisha nyingine tena, uso ukizidi kukunjamana.

"Sasa mimi asubuhi nimeoga mti gani?"

"Jamaa yake tofaa, Shangazi. Mti wa kutengenezea peremende."

"Astaghfirullah!" Akacheka mpaka akakaa juu ya robota la mapazia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakausha majani kwa taulo yake.

Mwalimu aliyanusa kwanza. "Mbona yananukia waridi?" Nikaeleza. Akavua miwani, akasema kuwa ni shanzha, hilo halina shaka. Lakini kuna shanzha wa aina nyingi, na kwa majani yaliyorowekwa hawezi kusema huu ni upi, wala kama ni adimu. Anataka tawi lenye maua. Na maua ni mpaka masika.

Nilimpa Shangazi habari hiyo kwa sauti ambayo sikupenda kuisikia. Alichukua simu yangu, akampigia mwenye eneo, akaanza kupatana naye kwa Kichina chake cha sokoni. Alianza kwa kudai angoje miaka mitano. Yule akapiga kelele. Shangazi akashusha, akalalamika, akajifanya anakata simu, akashusha tena.

"Amekubali kungoja mpaka maua," akasema, akinirudishia simu. "Yakichanua nenda mapema, kabla mjinga mwingine hajayachuma."