Fundi wa Visima na Kofi Lisilofutika

Nilikuwa nimejiandaa kukuandikieni jambo jingine kabisa, lakini juzi dereva wa gari la samaki alipita kwangu hapa Ibra, Omani, akaniambia kwamba yule fundi mkuu wa visima, Mkristo wa kutoka Tabora, amefariki huko Sur. Alikutwa chumbani kwake, peke yake, amelala kama mtu aliyechoka tu. Maiti imepelekwa Maskati kuzikwa na Wakristo wenziwe, maana huku kwetu hawana makaburi. Nikamuuliza dereva nani aliyemsindikiza. "Mwenye duka la jirani," akasema. "Wengine walikuwa kazini."

Nilimjua katika miaka ya sabini, nilipokuwa mkalimani wa kampuni iliyokuwa ikichimba visima kutoka Samail mpaka vijiji vya Sharqiya. Sisi tuliorudi kutoka Unguja tulikuwa na Kiswahili, Kiingereza cha shule na Kiarabu cha kubabaisha, basi tulifaa. Yeye alifaa zaidi, kwani mashine ilimtii. Watu nao walimtii, kwa khofu. Jumapili alfajiri alisali peke yake nyuma ya hema, na jua halijapanda alikwisha mtukana mtu mama yake. Siku moja bomba lilimponyoka mfanyakazi mmoja, Mmanga mwenzetu, Mwarabu wa Omani aliyezaliwa Bujumbura, mtu mpole mwenye mke na binti mchanga. Fundi alimzaba kofi la sikio la kushoto mpaka damu ikatoka. Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka. Kampuni ikanyamaza, na yule bwana akarudi kazini, maana watoto hula kila siku.

Mwaka mmoja au zaidi ukapita. Asubuhi moja fundi alinivuta pembeni, macho mekundu. Akaniambia kwamba jana yake mpishi alimletea chai, na kikombe kilikuwa kikigonga kisahani njia nzima kwa jinsi mkono ulivyotetemeka.

"Nikamuuliza, unaumwa? Akasema hapana, bwana mkubwa, ninakuogopa. Ndugu yangu, nimesali tangu utoto, na hakuna mtu aliyewahi kufaidika na sala zangu. Nimelia, nikamwambia Mungu, hiki kilicho ndani yangu kitoe."

Nilidhani ni maneno ya siku moja. Hayakuwa. Aliacha matusi kama mtu aliyesahau lugha. Aliinua mabomba pamoja na vibarua, na aliyeumwa alimpeleka hospitali mwenyewe. Kisha, wafanyakazi wote wakiwa wamekaa kula mkate, alisimama mbele ya yule bwana wa Bujumbura akamwomba radhi.

Yule bwana akaweka mkate chini. "Mkuu, nimekusikia kwa hili moja," akasema, akigusa sikio la kulia. "Moyo wako umepona, Mungu akuzidishie. Sikio langu halijapona. Sasa unataka nini kwangu?"

"Nataka unisamehe."

"Nikikusamehe, wewe utalala. Mimi binti yangu akiniita upande huu, bado sitamsikia."

Akaokota mkate wake akaendelea kula. 

Ningependa kukuambieni kwamba upole wa fundi uliwageuza na wengine. Haukuwageuza. Watu walipojua kwamba hatukani tena, walianza kuchelewa. Walipojua hapigi, wakalala kivulini. Kisima kilichotazamiwa kumalizika kabla ya joto kilikawia, na wanakijiji, ambao falaji lao, mfereji wa maji ya mashamba, lilikuwa limekauka, wakaja kulalamika. Kampuni ikamwondoa, ikamleta mtu mwingine mwenye mdomo mchafu na mkono mwepesi. Kazi ikaenda mbio. Nilisikia kwa masikio yangu walewale vibarua wakisema, "Huyu ndiye mwanamume." Sikuwa nimepata kuona watu wakimdharau mtu kwa kuacha kuwaumiza, lakini pale niliona, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama maofisini na majumbani kwetu, nikiona jambo lilelile. Tunalia tukipigwa, kisha tunamcheka aliyeweka fimbo chini.

Yule fundi wa Tabora alipelekwa Sur kulinda ghala la vipuri. Nilimtembelea mara moja, miaka ya themanini ilipokuwa imeshaanza. Alikuwa amekonda, anapika mwenyewe, anawagawia wali Wahindi waliokuwa wakipakua mizigo. Nilimuuliza kama anajuta.

"Kubadilika? Hapana. Lakini nilidhani Mungu akikugeuza, hata waliokuwa wakikuogopa watakutazama upya. Ningependa mmoja tu aone."

"Mimi nimeona," nikamwambia.

Akatabasamu kwa huzuni. "Wewe sikukupiga."

Baada ya dereva kuondoka nilikwenda kumtafuta yule bwana wa Bujumbura. Siku hizi ana shamba dogo la mitende hapa hapa Ibra, na binti yake ameshaolewa. Nilimkuta akisafisha mfereji, nikampa habari. Aliweka jembe chini.

"Alikuwa mtu mwema mwishoni," akasema. "Nilikuwa nikisikia."

"Ulimsamehe?"

"Nilikuwa nangoja hasira yangu iishe, ndipo niende Sur. Haijaisha. Na yeye keshakufa, sasa niipeleke wapi?"

 Mimi si Mkristo, na siwezi kueleza katika dini yake mtu hugeukaje. Ninachojua ni kwamba aligeuka kweli, ndani na nje, na ugeukaji wake haukumrudishia mtu sikio, haukumpa yeye mwenyewe rafiki, wala haukumpatia hata watu wa kutosha wa kubeba jeneza. Basi anayenisoma, kama kuna mtu nyumbani kwako au kazini kwako ambaye mkono wake hutetemeka akikukaribia, usingoje. Toba humfaa mwenye kutubu hata akiwa kitandani pa kufia. Aliyeumizwa haimfai ila ikiwahi kumfikia kabla ya kofi.