Mishumaa Iliyonukia Mshikaki

Jamani, acheni nianze kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi ndiye yule mama wa Msimbu aliyeingiza mbwa kwenye maulidi ya watu.

Ilikuwa miaka ile ya vita, mafuta ya taa hayaonekani dukani, na mimi nikawa natengeneza mishumaa ya nta ya nyuki, masega yanatoka misitu ya Vihingo, nachemsha, nachuja kwa kipande cha kaniki, nta safi, hata moshi haina. Jirani yangu Bi Mwanahawa akaniagiza mishumaa ya maulidi ya harusi ya binti yake. Na huyu kwangu si jirani tu, ndiye aliyemnyonyesha mwanangu Elia nilipolala na homa mpaka maziwa yakanikauka. Sasa nta ikapelea. Badala ya kumwambia, nikaona aibu (aibu yangu hii inaniponza kila siku), nikaenda kwa Mzee Salumu mchinjaji nikachukua mafuta ya ng'ombe, nikayayeyusha, nikachanganya. Mishumaa ikaganda mizuri, nikajisifu!

Baada ya magharibi ikawashwa. Kasida imekolea, matari yanalia, mara harufu ya nyama choma uwanja mzima! Wapishi wakakimbilia jikoni wakidhani pilau inaungua, huku mishumaa inalegea na kuanguka, ndipo mbwa wa sijui nani akaingia, akanyakua mmoja uliozimika, akatoka nao mbio, wanawake mikekani mayowe.

Kasida ikakatika. Bibi yake bi harusi akanigeukia.

"Mama Elia, haya ni mafuta ya mnyama gani?"

Na mjue, pale kijijini nyumba yenye banda la nguruwe ilikuwa moja tu, yetu. Nikamtazama Bi Mwanahawa, machozi yanamlengalenga, nikajua leo nampoteza dada yangu hivi hivi.

"Sema basi, Mama Elia!" akanisihi.

"Ya ng'ombe," nikasema, sauti kama kifaranga. "Ya kwa Mzee Salumu."

Ng'ambo ya ua wa makuti, upande wa wanaume, Mzee Salumu akakohoa. "Kweli kabisa! Nimemchinja mimi, kwa bismillahi, na mafuta nimempa mimi. Nyama yake ndiyo hiyo iliyomo kwenye pilau yenu!"

Loo, vicheko! Nikakaa chini palepale nikalia kwa raha, na alhamdulillahi nikaisema, mimi Mlutheri. Bi Mwanahawa akaja akanifinya sikio.

"Kupungukiwa si aibu, shoga. Ungeniambia, tungewasha michache."

Tangu hapo nta ikipelea nasema mapema, tena kwa sauti. Lakini wapi! Yule bi harusi ana watoto sasa, na kila tukikutana njiani ananiamkia kwa adabu zote: "Shikamoo mama, leo umebeba mishumaa au mshikaki?"

Naitikia marahaba, nakaza mwendo.