Fuvu Kwenye Kaburi la Mume Wangu

Siku tulipomzika mume wangu, akina mama wa kanisa wakiwa bado wamenishika mabega, shemeji yangu aliingia ofisi ya makaburi akaichukua nafasi iliyo kando ya kaburi. Akaiandikisha kwa jina lake. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa, anayevaa tai hata akienda kununua maziwa. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole unaoudhi: "Shemeji, wewe bado kijana, uta-move on. Wacha alale na damu yake."

Nilikuwa nimeishi na mwanamume huyo miaka kumi na tisa. Nilimwekea kinyongo.

Wakati huo nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja wa mji wa Bloomington huku ughaibuni, Mzungu ambaye mababu zake walitoka Skotlandi. Nikishamwogesha na kumpa dawa, alipenda kunifungulia albamu ya picha za makaburi ya kale ya kwao. Mara ya kwanza nilikemea kimoyomoyo kwa jina la Yesu. Mafuvu yenye meno! Mifupa iliyopishana! Bibi alicheka, akanieleza kwamba fuvu halina ubaya, linamkumbusha tu anayepita kwamba naye atakufa. Chini yake walichonga kazi ya marehemu: nyundo ya mhunzi, plau ya mkulima, mkasi wa fundi nguo.

Mume wangu alikuwa fundi nguo. Alishona pindo za suruali za watu pale mall mpaka vidole vikaota sugu, huku kaka yake akiwaambia watu kanisani kwamba yuko "kwa business".

Hati ya kaburi lenyewe ilikuwa na jina langu, kwa hiyo jiwe lilikuwa langu kuchagua. Ardhi ilikuwa imeganda, na jiwe halingesimamishwa kabla ya barafu kuyeyuka. Nilikuwa na miezi mizima ya kufikiri, na nilifikiri vizuri. Nilimpelekea mchongaji picha mbili kutoka albamu ya bibi.

Mwezi wa tano tulikusanyika kaburini kulizindua jiwe. Shemeji alitangulia na Biblia yake, akavuta mwenyewe kitambaa kilicholifunika. Sehemu ya chini ya jiwe palikuwa na mkasi uliofunguka na pasi. Juu, fuvu limekenua meno, limegeukia upande wa nafasi ya shemeji. Hilo la kuligeuza nilimwomba mchongaji mimi.

"Ashindwe!" Alirudi nyuma akamkanyaga mkewe. "Shemeji, hii ni devil worship! Umetuletea nini?"

"Ni kumbusho tu, shemeji."

Ningeweza kumweleza yote niliyoelezwa na bibi. Badala yake nilimtazama akitokwa jasho, na moyo wangu ukaburudika kama niliyepata maji baada ya kiu ya mwaka mzima. Mume wangu alikuwa mwoga hata wa paka mweusi; anisamehe.

Wiki hiyohiyo shemeji alipiga simu makaburini kusema hawezi kuzikwa akitazamwa na kitu kile, akairudisha nafasi. Mimi nilikuwa nimeshawaachia namba yangu, wanipigie nafasi ikirudi. Nilitia sahihi siku iliyofuata, nikiwa bado na sare za kazi.

Huwa naenda Jumapili kung'oa magugu. Fuvu sasa linatazama mahali pangu, likinikumbusha kwamba zamu yangu inakuja. Najua. Ndiyo maana nilipapigania.